Namba Mbili ya Leo

Wa kwanza kuniambia alikuwa wifi yangu. Alinikuta uani nikianua nguo za mtoto, naye ana povu la sabuni mpaka viwikoni, akaniinamia sikioni kana kwamba kamba za nguo nazo zinasikiliza. Baba mkwe, akasema, ametoka chumbani kwake bila viatu. Anadai mshale wa kompyuta umemtoka mkononi ukaanza kutembea wenyewe. Anadai kuna mtu ndani. Nikamuuliza ndani wapi. Akasema ndani ya kompyuta. Niliendelea kukunja nguo bila kumtazama usoni, maana mtu huyo nilikuwa namjua, tena vizuri, na sikujua nitaanzaje kumtaja.

Muda mfupi kabla yake simu yangu ilikuwa imelia, na aliyepiga ni mume wangu.

Mume wangu yuko kwenye karakana ya mabango, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Waliomwajiri walimwajiri akate mbao na kupiga misumari. Lakini kazi aliyonayo moyoni ni kuchora: herufi za vibao, mishale ya kuelekeza watu, alama za milango. Michoro yake yote iko kwenye kompyuta kubwa aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande, imekaa chumbani kwetu karibu na kitanda cha mtoto, na mimi nikipangusa vumbi huizunguka kwa mbali kama mtu anayefagia kando ya mbwa aliyelala. Sasa bosi wake amepata kazi ya vibao vya hospitali mpya, na mchoraji wake ameacha kazi. Mume wangu akajitokeza, akasema mimi nachora. Bosi akamjibu: "Kesho saa tatu nionyeshe. Nikisema badilisha, ubadilishe hapa mbele yangu. Ukiweza, rudi kwenu ukachoree huko, uwe unanitumia. Usipoweza, msumeno wako uko pale pale."

Kwa hiyo tulikuwa tumefika hapo. Ama mume wangu anarudi nyumbani, ama anabaki na msumeno mpaka siku mtoto atakapomwita mjomba.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameandaa njia ya kuifikia kompyuta yake akiwa popote. Alinieleza taratibu, kwa sababu anajua mimi niliishia shule ya msingi na sipendi kuuliza mara mbili. Nyumba yetu, alisema, ina boksi moja la intaneti, na boksi ndilo bawabu wa nyumba nzima. Kila kinachotumia intaneti humu ndani boksi hukipa namba. Lenyewe ni namba moja. Kompyuta yake ni namba mbili. "Nimeliambia boksi: mgeni akibisha kutoka nje, mpeleke moja kwa moja kwa namba mbili. Akiwa na neno la siri, atafunguliwa." Siku ile alijaribu kwa simu yake akiwa nje barabarani. Mimi nilikuwa chumbani. Nikaona mshale unazunguka kwenye kioo wenyewe, ukaandika jina la mtoto, nikacheka mpaka mwenye jina akaamka.

Lakini siku hii ninayoisimulia alipiga simu akiwa na sauti ya chini.

— Mama mtoto, nimebisha, nimefunguliwa, nimeingia. Ila si kwetu.

— Umeingia wapi?

— Naona karata.

— Karata gani?

— Karata za kuchezea. Zimepangwa safu safu, nyekundu na nyeusi. Nimesogeza mshale nione vizuri, mtu akauvuta. Nikauvuta, akauvuta. Nani huyo?

Kompyuta humu ndani ni mbili tu, ya kwetu na ya Baba, na yeye ndiye aliyezitengeneza zote, neno la siri moja ili asisahau.

— Mama mtoto, Baba anacheza karata?

Sikuweza kusema ndiyo, wala sikuweza kusema hapana. Baba mkwe wangu anaandika kitabu cha historia ya ukoo. Ndivyo nyumba nzima inavyojua. Kila asubuhi anaamka kabla ya wote, anafunga mlango, na sisi tunatembea kwa ncha za vidole. Mama mkwe humpelekea chai na kurudi kinyumenyume. Kuna watu wa mtaani ambao hawana undugu nasi kabisa na wameshaomba majina yao yaingizwe.

— Na jana je? nikauliza, ili tutoke kwenye karata.

— Jana nilibisha, hakuna aliyefungua. Kama napiga ukuta.

— Kompyuta niliiwasha kama ulivyonielekeza.

— Najua uliwasha. Ndiyo maana sielewi. Jamaa aliyenisaidia kulipanga boksi amehama, hapatikani. Kama kesho bosi akisimama nyuma yangu halafu zije karata...

Hakumaliza. Salio liliisha.

Kijiwe kiko nje ya ukuta wetu. Ni benchi moja refu, mguu mmoja umevunjika ukawekewa matofali, na kahawa yake hutoka jikoni kwetu, kwa hiyo ni kama chumba chetu kimoja ambacho hakikuezekwa. Mimi hupeleka birika na vikombe, kisha husimama nyuma ya mlango, mtoto mgongoni, nikisubiri vikombe virudi. Tangu niolewe, maneno niliyowahi kusema pale ni shikamoo na imebaki kidogo. Jioni ile Baba alikuwa amekaa katikati kama mgonjwa, na wenzake watatu wamemzunguka. Kulikuwa na Bati, fundi wa mapaa, ambaye kwake kila tatizo ni kuvuja. Kulikuwa na Wembe, kinyozi, ambaye kila analolijua ameambiwa na mteja asiyeweza kumtaja. Na kulikuwa na Jaji, ambaye enzi zake alikuwa akiita mashahidi mahakamani, akawaita miaka mingi mpaka akaanza kuongea kama aliyekuwa akihukumu.

— Rudia tena, Jaji akasema. Wakati wa tukio ulikuwa unafanya nini?

— Naandika, akajibu Baba.

— Unaandika nini?

— Si mnajua? Kitabu. Nimefika kwa babu wa babu.

— Babu wa babu alikuwa anafanya nini?

— Jaji, aliyeingiliwa ni mimi. Mbona maswali yote ni yangu?

— Lazima tujue mazingira.

Baba akafikiri.

— Alikuwa anavuka mto, akasema. Sasa akiwa katikati, mshale ukanitoka. Kwanza ulitetemeka. Nikashika kipanya kwa nguvu. Ukanivuta. Nikavuta. Ukanivuta tena.

— Mto wenyewe ulikuwa umejaa? akauliza Bati.

— Mto gani?

— Aliokuwa anavuka babu.

— Bati, kunywa kahawa yako.

Bati akanywa, akafuta mdomo.

— Mimi nitawaambia kweli na mtanichukia. Pamevuja. Intaneti imeletwa na waya, waya umepita juu ya paa, na paa nililiezeka mimi. Nilimwambia yule kijana aliyekuja kufunga, msumari usipige hapo. Akapiga. Maji yanapita kwenye tundu la msumari, sembuse mtu.

— Mtu apite kwenye tundu la msumari?

— Sijasema mzima. Mkono tu. Mngejiuliza, kwa nini kimetembea kimshale kidogo namna ile na si kiti?

— Hoja imepokelewa, akasema Jaji.

— Hamna kitu hapo, akasema Wembe. Nina mteja mmoja, simtaji, ni mtu mkubwa. Aliniambia kompyuta za mitumba zote zina wenyewe. Mzee, yako ulinunua wapi?

— Kwenye ofisi fulani ilipofungwa.

— Umeona? Kuna karani alikaa na hiyo kompyuta miaka na miaka. Kastaafu mwili, mkono haujastaafu. Asubuhi anakaa kwake kwenye kochi, anakunywa chai, mkono unawasha. Anausogeza hivi tu, huku kwako mshale unatembea.

— Kwa hiyo anaandika kitabu changu?

— Anakusaidia. Pengine ameona unachelewa.

— Basi mwacheni amalize, akasema Bati. Mimi nimeahidiwa ukurasa tangu mwaka jana.

Jaji akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayewasikiliza watoto wakigombea kijiko.

— Nyote mnakosea. Mshale ule umemzoea yeye. Kitu ukikishika kila siku kinajifunza mkono wako. Mimi pale mahakamani nilikuwa na kengele. Nilipostaafu iliendelea kulia yenyewe, saa mbili kasoro, kila siku ya kazi.

— Si waliajiri mtu mwingine wa kuipiga?

— Walimwajiri. Lakini alikuwa mchelewaji.

Wakainua vikombe kidogo kuipa heshima kengele. Wembe ndiye aliyeshusha chake kwanza.

— Hivi mzee, usiku zinalala wapi?

— Nini?

— Kompyuta. Na hilo boksi.

— Zinalala zilipo, wapi tena. Mama watoto huchomoa plagi zote kabla ya kulala, hata ya boksi. Tangu runinga ya jirani iungue, hataki kitu kilale na umeme.

— Hapo hapo. Mnazizima ghafla, mnaziwasha ghafla. Mtu ukimwamsha ghafla si hutoka mbio akaingia chumba kisicho chake? Na kompyuta ni hivyo hivyo. Ya kijana wako imeamka na usingizi, imeingia kwako.

— Kwa hiyo zinatembeleana.

— Mimi nimeambiwa na mteja.

— Mwanangu aliwahi kunieleza, akasema Baba. Kila moja ina namba yake. Ya kwake namba mbili. Ya kwangu sikuambiwa ni ngapi, na sikuuliza, mimi nilikuwa na kitabu. Lakini nimeshaamua. Kesho nikiamka, kabla ya chai, naling'oa hilo boksi nalirudisha kwa wenyewe. Kitabu hakihitaji intaneti.

— Uamuzi wa busara, akasema Jaji. Hakuna rufaa.

Nilikuwa nimeshika birika na likaanza kuchuruzika kwenye kanga yangu bila mimi kujua. Kesho kabla ya chai. Bosi amesema saa tatu.

Nikisema ni mume wangu aliyeingia, Jaji atauliza aliona nini, na Jaji akiuliza hatoki mpaka apate jibu. Halafu mama mkwe atasikia. Halafu wale wa mtaani walioomba kuingizwa kitabuni watasikia. Baba ananitunza kama mwanawe wa kumzaa. Nilipojifungua yeye ndiye aliyesimama dirishani mwa wodi mpaka walinzi wakamletea kiti. Ningemwanikaje mbele ya wenzake?

Nikarudi ndani kumtafuta wifi yangu. Nikamweleza kila kitu kasoro karata, nikamwomba akaseme yeye, maana yeye ni mtoto wa nyumba.

— Kaseme mwenyewe, akanijibu, macho kwenye simu yake. Mume ni wako.

— Mimi siwezi.

— Kumbe ukiwa jikoni unaongea na sufuria kutwa nzima.

Niliporudi mlangoni nikakuta mtu mpya benchini. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, mgeni kabisa, amekaa pembeni na mfuko wake wa nguo magotini, anapumzisha miguu. Nikampelekea maji bila kuambiwa, akanishukuru, nikarudi nilipokuwa. Alikuwa ametoka hospitali na alikuwa bado amekasirika, lakini ile hasira ya mtu anayeanza kuifurahia kwa sababu amepata wa kumsimulia.

— Jana wamenipa namba mbili, akawaambia. Namba mbili, wanangu, nikasema leo nimeamkia upande mzuri. Kabla sijaitwa daktari akapata dharura, tukaambiwa turudi leo. Leo nimekuja sina haraka, nimeoga, nimekula, si nina namba mbili yangu? Nafika, nasema mimi ni namba mbili. Yule binti anacheka. Mama, hiyo ilikuwa ya jana. Wa leo ameshaingia na ameshatoka.

— Unaweza kukata rufaa, akasema Jaji.

— Nimekatika miguu tu. Nimekaa mwisho wa foleni mpaka saa hizi. Na nyie mnabishania nini? Nimewasikia tangu kule kona.

Wakamweleza wote kwa pamoja. Bati alimweleza paa, Wembe akamweleza karani, na mwishowe Jaji akawanyamazisha kwa kiganja.

— Kwa ufupi, mama, humu ndani kuna boksi linalogawa namba. Kijana wa mzee huyu aliliagiza kwamba mgeni akija apelekwe namba mbili, yaani kwa kompyuta yake. Sasa tunachunguza kompyuta ya mzee imeingiliwa na nani.

Yule mama akanywa maji yote, akarudisha kikombe chini taratibu.

— Na hiyo namba mbili, akauliza, ni ya leo au ya jana?

Baba akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Wembe. Wembe akatafuta mteja wa kumsaidia, hakumpata. Bati akainua macho kulitazama paa lake.

— Namba si ni namba tu, akasema Bati baadaye sana, lakini hakuna aliyemuunga mkono, na yeye mwenyewe hakuendelea.

Yule mama alisimama, akajinyoosha mgongo, akawaaga vizuri na kwenda zake. Mimi nyuma ya mlango nilikuwa nimesahau hata kumbembeleza mtoto.

Kwa sababu kila usiku mama mkwe huchomoa plagi. Boksi linalala, na asubuhi linaamka halimkumbuki mtu. Anayefika wa kwanza linampa namba mbili, anayemfuata tatu, kama yule binti wa hospitali. Mume wangu alipokuwa hapa, nani alikuwa wa kwanza? Yeye. Alikuwa akiiwasha ile kompyuta kabla hajanawa uso. Ndiyo maana namba mbili ilikuwa yake kila siku mpaka akadhani amezaliwa nayo. Sasa yeye hayupo. Mimi huwasha jua likiwa limeshapanda, nikimaliza kumwogesha mtoto. Wa kwanza kuamka ni Baba. Na jana? Jana Baba alikwenda msibani alfajiri, hakuwasha kitu. Nikageuka nikamwona wifi yangu kwenye mkeka, simu kifuani. Jana wa kwanza alikuwa yeye. Mgeni alipelekwa kwenye simu ya wifi, na simu haina mlango wa kumfungulia mgeni wa namna ile. Akapiga ukuta.

Nikashika birika, nikatoka.

— Imebaki kidogo, nikasema.

Wakakinga vikombe. Nikamimina kwa Jaji, kwa Wembe, kwa Bati, kwa Baba. Kisha sikurudi ndani. Walivyoona nimesimama, wakaacha kunywa.

— Sema, mkwe, akasema Baba.

— Baba, naomba boksi lisiondolewe kesho.

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nikatazama matofali ya benchi nikaendelea.

— Na naomba kesho mimi niwashe kwanza. Kabla ya simu za watu. Kabla ya... kabla ya kitabu. Nadhani zile namba zinagawiwa upya kila asubuhi, kwa anayeamka kwanza, na siku hizi anayeamka kwanza ni wewe. Mwanao anatafuta kompyuta yake. Kesho saa tatu bosi wake anataka kuona michoro. Akiiona, atamruhusu kufanyia kazi hapa nyumbani.

Mtoto alinivuta nywele, nikamwacha avute.

— Ina maana, akasema Jaji akijiinua kidogo kwenye benchi, aliyeingia leo ni mwanawe?

— Ndiye.

— Kumbe yupo shahidi wa macho, akasema Jaji akikisogeza kikombe kando. Haya, binti. Aliona nini? Kitabu kimefika wapi? Babu ameshavuka?

Baba alikuwa ameinamisha uso karibu uguse kahawa. Nilichoweza kuona ni masikio yake.

— Hakukaa sana, nikasema. Lakini alisema kila kitu kimepangwa vizuri. Safu kwa safu.

— Safu kwa safu, akarudia Jaji, ameridhika. Ndivyo inavyotakiwa. Baba huku, watoto huku.

— Na rangi mbili, nikaongeza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzoea kuongea.

— Rangi mbili kabisa, akasema Bati. Waume na wake. Mzee, kumbe kazi imeenda mbali.

Baba aliinua uso, akanitazama. Sikuwa nimewahi kutazamana naye moja kwa moja namna ile. Pembe moja ya mdomo wake ilikuwa inapigana na ile nyingine.

— Kitabu kinaweza kusubiri, akasema. Hata wiki nzima. Washa, mwanangu. Washa kwanza wewe.

— Na tundu langu la msumari? akauliza Bati.

— Panda ukalizibe.

— Na karani? akauliza Wembe.

— Mwambie mteja wako ampe salamu.

Wembe akakinga kikombe tena, nikakiinamishia birika mpaka likasimama kichwa chini, na hakikutoka kitu. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Nilivyokusanya vikombe nilimsikia Jaji akimwambia Bati, huku wakiondoka, kwamba yeye tangu mwanzo alisema suala hili ni la utaratibu wa kuamka.

Asubuhi yake nilitangulia watu wote. Nikaenda kwanza kugonga kwa wifi yangu.

— Naomba uzime simu.

— Mpaka lini?

— Mpaka nitakapokuita.

— Kuna mtu anasubiri ujumbe wangu.

— Asubiri.

Tulishangaa wote wawili kwa hilo neno. Akazima, nami nikazima yangu mbele yake ili aone haki imetendeka. Kwenye ujia nilimkuta Baba, ameshavaa, amesimama mlangoni kwake na waya wa kompyuta yake mkononi, ameuchomoa kabisa na kuushika kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi asiingie shamba la watu.

— Endelea, akaniambia. Huyu simwachii.

Nikawasha kompyuta ya mume wangu, nikasubiri mpaka picha yote ikatulia kwenye kioo. Ndipo nikachomeka boksi. Taa moja ikawaka, ikafuata ya pili, ya tatu ikapepesa kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta jina la aliyemwamkia, kisha nayo ikatulia. Nikawasha simu yangu, nikampigia.

— Bisha, nikamwambia.

Mshale ulikuwa umesimama katikati ya kioo. Ukatetemeka. Ukaenda kulia, ukarudi kushoto, ukapanda juu kwenye michoro yake, na sauti yake simuni ikasema kwa upole, "Hapa ni kwetu," akakata akamsubiri bosi.

Sikuondoka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani, na Baba akasogea mlangoni akasimama na waya wake. Ilipofika saa tatu, kibao cha maabara kilifunguka. Herufi zikawa kubwa. Zikawa ndogo. Zikawa kubwa tena, lakini si kama mwanzo. Mshale wa kuelekeza wagonjwa ukageuzwa kushoto, ukageuzwa kulia, ukakaa kulia muda mrefu, nikajua nyuma ya mume wangu kuna mtu amesimama ameshika kidevu. Rangi nyekundu ikaondoka, ikaja bluu. Kibao kikafungwa, kikafunguliwa kingine, kisha kingine.

— Ana mkono mwepesi, akasema Baba.

— Ndiyo, Baba.

— Mimi alinivuta kwa nguvu lakini.

Baadaye kila kitu kilifungwa, na ukaja ukurasa mweupe mtupu. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu zikaanza kutokea, moja moja, herufi zile kubwa anazochorea vibao: NIMEPEWA. NARUDI JUMAMOSI.

Baba akasoma kwa sauti, akaenda kumwita mama mkwe. Mimi nikamlaza mtoto kitandani. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kompyuta ile kwa mara ya kwanza, nikatafuta herufi kwa kidole kimoja, nikaandika chini ya yake: Karibu nyumbani. Ukipita sokoni uje na sabuni ya unga, imekwisha. Nikaisoma yote tangu mwanzo, nikaona mkato umekaa mahali pake, nikaondoa mkono kwenye kibodi.